Sifuri za Mtondooni

Mmeniuliza kwa simu, mmeniuliza nje ya kanisa, na juzi mmoja wenu alinisimamisha sokoni nikiwa nimeshika fungu la nyanya. Kila mara nimejibu kwa kifupi kwamba nilifika, nikarudi salama. Habari yenyewe haisimuliki watu wakiwa wamesimama. Leo nimekaa, chai iko mezani, nitaandika yote. Mambo ya vibali na barua za safari nayaacha. Hayamvutii mtu, hata mimi mwenyewe.

Kwa msiojua kazi yangu: nakaa Dodoma mbele ya kompyuta. Kila mwezi zahanati zinatuma tarakimu za dawa zilizopokelewa, zilizotumika na zilizobaki. Mimi na wenzangu wawili ndio tulioandika kanuni inayosoma tarakimu hizo na kupendekeza kila kituo kipelekewe nini. Serikali inataka dawa zisikatike hata mvua zikiharibu barabara, na inataka kujua mapema ni wapi zitapungua. Ni kazi nzuri, naipenda.

Sasa kulikuwa na zahanati moja karibu na mahali Mto Ruvuma unapoingia baharini. Nitaiita Mtondooni, jina ambalo si lake, kwa heshima ya watu wake. Kwa miezi saba mfululizo zahanati hiyo iliandika sifuri kwenye sindano ya kuzuia damu kwa mama aliyetoka kujifungua. Hakuna hata moja iliyotumika. Kanuni yetu ikapendekeza kituo hicho kiondolewe kwenye orodha ya sindano hizo, zipelekwe kwingine.

Mkuu wetu wa kitengo ni mama mmoja mpole asiyependa haraka. Aliitazama karatasi, akavua miwani.

"Atuganile, wanawake wa huko hawazai?"

"Wanazaa, mama. Nadhani nesi haandiki."

"Unadhani. Basi nenda ukamwone. Ukirudi utaniambia tuondoe au tusiondoe."

Nilikwenda nikiwa na hakika kwamba namfuata nesi mvivu. Naomba mlikumbuke hilo mnaposoma.

Dar hadi maji yalipotuzuia

Ningeweza kupanda basi, lakini niliomba kusafiri na lori la dawa kutoka Dar es Salaam. Nilikuwa nimeliona lori hilo mara nyingi kwenye skrini, nukta ya kijani inayotembea kusini. Nilitaka kukaa ndani ya nukta.

Dereva aliitwa Hokororo, mtu wa Masasi, mzito wa mwili na mwepesi wa kucheka. Aliniambia nisiweke mkoba wangu juu ya kiti cha katikati kwa sababu hapo ndipo huweka chakula. Kweli, tulipofika Kibiti alinunua mahindi ya kuchoma, ndizi, na samaki wa kukaanga aliyefungwa kwenye gazeti, vyote akavipanga pale kwa adabu kama vitu vya dukani. Tulikula tukienda. Nyuma yetu kulikuwa na maboksi mpaka juu, na karibu na mlango makasha mawili ya baridi, yale yenye kuta nene yanayowekwa barafu ili dawa zisiharibike. Ndani yake zilikuwamo sindano zilezile nilizokuwa nimezifuata.

Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Saa nane mchana, mbele ya kijito ambacho hata jina lake sikuwahi kulisikia, magari yalikuwa yamesimama foleni ndefu. Maji yalikuwa yamekula barabara. Kalivati lilibaki limening'inia upande mmoja, na upande wa pili watu walikuwa wanatupungia mikono.

Nilifungua kishikwambi changu. Mtandao ulikuwepo kidogo. Mfumo uliniambia kwamba shehena iko njiani na itafika kwa wakati.

"Umesema itafika lini?" Hokororo aliuliza.

"Kesho saa nne asubuhi."

Alitazama maji, akanitazama. "Uulize kama umeleta na mtumbwi."

Siku mbili kwenye foleni

Tulikaa pale siku mbili. Mafundi wa barabara walikuja na mawe na katapila, wakafanya kazi kwa moyo, lakini maji hayakuwa na subira nao. Akina mama wa kijiji cha karibu walileta masufuria ya wali na maharage, kisha chai ya tangawizi. Mmoja wao, Bibi Hadija, aliponiona nimesimama nikitafuta pa kunawa uso, alinichukua mpaka kwake, akanipa maji ya kuoga na kanga kavu. Sikuwa namjua, wala hakuniuliza naenda wapi mpaka nilipomaliza kula.

Siku ya pili asubuhi Hokororo alifungua makasha ya baridi, akatoka na uso ambao sikuwa nimeuona. Barafu ilikuwa inakwisha.

"Zikipata joto hizi, hata tukizifikisha tunakuwa tumefikisha maji tu," alisema.

Nilipiga simu Dodoma. Nikapiga tena. Wenzangu walisikitika sana, lakini hakuna anayeweza kutuma barafu kwa simu. Wakati mimi bado nimeweka simu sikioni, Hokororo alivua viatu, akakunja suruali, akavuka maji kwa kamba waliyokuwa wameifunga mafundi. Ng'ambo kulikuwa na gari la samaki lililokuwa linakwenda Dar, nalo limekwama kama sisi. Niliwaona wanaongea kwa mikono. Kisha dereva wa lile gari, kijana mwenye ndevu, akapanda nyuma ya gari lake, akaanza kuvunja barafu kwa nyundo.

Ililetwa kwa viroba, mtu kwa mtu, juu ya kamba. Abiria wa mabasi walijipanga kwenye maji bila kuitwa. Kila kiroba kilinuka samaki aina ya changu. Hokororo aliipanga taratibu kuzunguka maboksi madogo ya dawa, na kipimajoto cha kasha kilikuwa hakijavuka mstari.

Nilivuka baadaye kumshukuru yule dereva wa samaki. Nilimuuliza yeye atafanyaje na samaki wake.

"Nimewagawia hawa wakaange," alisema, akionyesha wale akina mama na masufuria yao. "Wengine watafika, wengine watakuwa wameliwa. Hizo zenu ni za nini?"

Nikamwambia.

"Mke wangu alichomwa hiyo," alisema, akarudi kwenye gari lake.

Katika mfumo wetu, siku mbili zile zimeandikwa "kuchelewa: hali ya hewa." Hakuna nafasi ya kuandika mengine.

Chuno

Mtwara tuliingia Alhamisi mchana. Hokororo alinishusha Chuno, kwa rafiki yangu wa chuo, Mwalimu Happy, mtu wa Bukoba aliyepangiwa kazi huku na sasa hataki kuhama. Aliniweka kitini, akanipa ugali wa muhogo na pweza wa nazi, akasubiri nishibe ndipo aniulize.

Nilipomweleza kazi iliyonileta alicheka.

"Umeandikaje kwenye barua mliyotanguliza kijijini?"

Nikamwonyesha nakala. Ilisema kwamba mtaalamu atafika kukagua zahanati katika juhudi za kuimarisha mnyororo wa ugavi.

"Mnyororo," alisema Happy.

"Ndiyo, ndivyo tunavyoandika siku zote."

"Mnaelewana ninyi wenyewe. Kijijini mnyororo ni mnyororo."

Sikulitilia maanani. Nilikuwa nimechoka, na kitanda kilikuwa na shuka safi.

Ziwani, kwa pikapu ya mihogo

Kutoka mjini nilipata pikapu ya mfanyabiashara wa mihogo aliyekuwa anakwenda kijiji cha Ziwani kupakia. Njia ilipita kwenye mikorosho pande zote mbili, mchanga mwekundu ukiwa bado umelowa. Tulipofika Ziwani alisema atapakia kwanza kabla ya kunipeleka mbele, na kupakia kulichukua nusu siku.

Nilikaa kibarazani kwa familia iliyomuuzia mihogo. Waliniletea ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vyembamba vya porini, pamoja na chumvi na pilipili. Mtu anayeila mara ya kwanza hutafuna na maganda. Ndivyo nilivyofanya, na wasichana wawili wa nyumba ile wakageuka kutazama ukutani ili wasinicheke usoni. Mama yao akanionyesha namna ya kumenya kwa kidole gumba.

Yule mfanyabiashara alikuwa amewaambia kwamba mimi ni mtu wa data. Kabla sijamaliza sahani walikuwa wamekuja watu sita na simu zao.

"Dada, mimi bando langu la wiki limeisha kabla ya siku tatu," alisema mzee mmoja kwa upole. "Mnalipeleka wapi?"

Nilieleza kwamba data yangu ni nyingine, ni hesabu za dawa. Walisikiliza kwa heshima. Nilipomaliza, mzee akasema, "Sawa. Lakini ukirudi uwaambie." Niliahidi. Sijui nitawaambia akina nani.

Kwenye mikoko

Kufika Mtondooni lazima uvuke mkono wa maji unaoingia kwenye mikoko. Aliyenisubiri upande wa huku alikuwa mwanamume wa miaka thelathini hivi, anaitwa Mohamedi, amesimama ndani ya mtumbwi na upondo mkononi. Alinisalimu, akachukua mkoba wangu, akaniuliza swali moja tu.

"Wewe ndiye wa mnyororo?"

"Ndiye mimi," nikajibu, nikafurahi kwamba barua ilifika.

 Aliusukuma mtumbwi kwa upondo katikati ya mizizi, tukakata kushoto, tukakata kulia, tukaingia kwenye njia nyembamba, na hapo mtumbwi ukakaa kwenye tope.

"Maji yamekupwa," alisema. "Tusubiri yajae."

"Mpaka saa ngapi?"

"Yakijaa."

Tulikaa saa nne. Kaa wekundu walitoka kwenye matundu yao, wakatutazama, wakazoea. Nilijaribu kuzungumza naye habari za mazao, za watoto, za mvua. Alijibu kwa neno moja moja. Nilimpa biskuti, akachukua moja, akaishika mkononi bila kuila. Kiboko alikoroma mahali fulani nyuma ya mikoko, nami nikauliza kama ni mbali. Akasema si mbali. Hilo ndilo jibu refu nililopata.

Maji yaliporudi alitusukuma mpaka kijijini kwa dakika ishirini.

Zahanati

Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Mkwanda, alinipokea mlangoni mwa zahanati pamoja na watu wengi kuliko nilivyotegemea. Wanawake walikuwa mbele. Wamekaa chini, miguu wameinyoosha, wamejaza varanda yote mpaka mlangoni. Nilisalimu. Waliitikia, lakini hakuna aliyesogea.

"Nimekuja kumwona mfawidhi wa zahanati," nilisema. "Na kuona daftari la dawa."

"Nesi Salima hayupo," alisema mwenyekiti. "Daftari nalo halipo."

"Amekwenda wapi?"

Bwana Mkwanda alijikohoza. Ni mtu mkweli na kusema uongo kulimtesa waziwazi. "Hilo hatujui. Ila mama, sisi tunaomba kitu kimoja. Kama kuna kosa, liandikwe la kijiji. Msimfunge yeye."

"Nani amfunge?"

"Si wewe umekuja na mnyororo?"

Hapo nikamkumbuka Happy. Nilikaa chini palepale kwenye ukingo wa varanda. Nikaeleza polepole kwamba mnyororo wa barua ile si wa chuma. Ni maneno ya ofisini tu, maana yake ni safari ya dawa, kutoka ghalani mpaka kwa mgonjwa, mkono kwa mkono. Nikasimulia ile barafu iliyovuka kwenye kamba. Nilipofika kwenye kiroba kunuka samaki, mwanamke mmoja akacheka, na mwingine akamtafsiria bibi wa pembeni kwa Kimakonde, naye akacheka.

Mwanamke aliyekaa karibu kabisa na mlango hakucheka. Alikuwa amempakata mtoto wa miezi michache. Alinitazama muda mrefu, kisha akageuza kichwa akaita ndani, "Mama Salima, toka tu."

Nesi Salima alitoka. Mfupi, mwenye mvi, gauni lake jeupe limepigwa pasi. Alikuwa ameficha madaftari mawili chini ya kanga. Akanipa la kwanza, leja ya dawa. Niliifungua kwenye ukurasa wa ile sindano, na sifuri zangu zote saba zilikuwepo, zimeandikwa kwa mwandiko mzuri.

"Kwa nini hukutumia hata moja?" nilimuuliza.

"Ningetumia ipi, mwanangu? Sikuletewa."

Akanieleza bila hasira, kama mwalimu anayerudia somo. Mwezi wa kwanza maji yalijaa, shehena haikuvuka. Akawa hana sindano, kwa hiyo hakutumia, akaandika sifuri kama alivyofundishwa, kwa sababu yeye haandiki uongo. Mwezi uliofuata akaletewa dawa nyingine zote ila hiyo. Akaandika sifuri tena. "Nikadhani huko juu zimekwisha nchi nzima," alisema.

Hazikuwa zimekwisha. Kanuni yetu ilikuwa imesoma sifuri ya kwanza ikaelewa kwamba Mtondooni haihitaji, haikupeleka hata moja, na kukosa huko kukaleta sifuri ya pili. Nilijua mstari wenyewe kwenye programu. Niliuandika mimi, mchana mmoja, nikala chakula, nikaenda nyumbani.

"Na wanaojifungua?"

Ndipo akanipa daftari la pili, la shule, jalada lake lina picha ya twiga. Hili hakuna aliyemwagiza aliandike. Kila mwanamke aliyehitaji kitu kisichokuwepo alikuwa na mstari wake: jina, siku, alichokosa, na kilichofanyika. Wengi walivushwa maji wakapelekwa kituo cha jirani. Wengine alikwenda yeye mwenyewe kuwaazimia dawa huko. Nilikumbuka kwamba kituo hicho cha jirani kwenye skrini yangu kilionekana kuwa na matumizi makubwa ajabu, na tulikuwa tumekiongezea mgao tukajipongeza.

Nilisoma mistari yote. Mmoja ulisema: Somoe Mohamedi, damu nyingi, amevushwa kwa mtumbwi na mumewe, amepona.

"Huyo ni mimi," alisema yule mwanamke mwenye mtoto.

 Nilimwambia ukweli wote, mbele ya wale wanawake, kwamba kosa si la nesi wala la kijiji, kwamba ni hesabu niliyoifanya mimi. Nikamwomba radhi.

Somoe alifikiri kwanza. Kiswahili chake kilikuwa na mkato wa Kimakonde, na alikisema taratibu ili nisipoteze neno.

"Mimi nnakushukuru umekuja," alisema. "Ungekaa hukohuko, ungejuaje?"

Akasimama, akanipa mtoto nimshike, akaenda kusaidia kupika.

Tulikula pamoja varandani, wali wa nazi na kisamvu, na kuku ambaye najua hawakuwa wamepanga kumchinja. Nesi Salima alikaa karibu nami akanionyesha mistari mingine, na nilipiga picha kila ukurasa kwa ruhusa yake. Aliniomba jambo moja, majina yabaki kwangu. Yamebaki.

Kurudi

Asubuhi Mohamedi alinivusha. Maji yalikuwa nusu tu, lakini mtumbwi ulipita bila kugusa tope. Katikati ya mikoko nikamuuliza.

"Jana hatukukwama, sivyo?"

Aliendelea kusukuma. "Jana tulikwama. Ila njia nilichagua mimi." Baadaye akasema, "Nilitaka wapate muda wa kuficha daftari. Nisamehe, dada."

Nikamwambia hana la kusamehewa. Akaniambia habari za siku ile aliyomvusha mkewe: alivyokuwa akisukuma na kumsemesha asilale, na alivyoogopa kutazama chini ya mtumbwi. Hakuwahi kumwambia mtu, alisema. Tulipofika ng'ambo alinipa kifurushi cha korosho, akasubiri mpaka pikipiki ikatokea.

Zile sindano zilikuwa kwenye ghala la Mtwara. Niliiacha kanuni, nikapiga simu, na mkuu wetu akaidhinisha kwa mdomo kabla ya karatasi. Hokororo alikuwa bado mjini. Alikodi pikapu, akazibeba kwenye kasha dogo, akazifikisha majini siku hiyohiyo, na Mohamedi akazipokea. Nesi Salima alinitumia ujumbe wa neno moja: "Zimefika."

Dodoma

Ofisini nilisimama mbele ya wenzangu nikasema sifuri zile ni zetu. Nilitegemea ubishi. Mkuu alivua miwani kama kawaida yake, akauliza kama ni Mtondooni peke yake.

Sikuwa nimejiuliza. Tukaandika upya ule mstari, ili kanuni itenganishe kituo kisichohitaji dawa na kituo kilichokosa, kisha tukaiambia itafute vituo vingine vyenye sifuri zilizofuatana baada ya shehena kuchelewa. Orodha ikajaa skrini. Nikateremsha, ikaendelea. Nikateremsha tena. Mmoja wa wenzangu alivuta kiti akakaa kando yangu.

"Tuanze kupiga simu," mkuu alisema.

Nilianza na kituo cha kwanza, mkoa mwingine kabisa, mbali na bahari. Alipokea mwanamke mwenye sauti ya kuchoka. Nikajitambulisha, naye akauliza kwa woga kama kuna kosa kwenye ripoti yake.

"Hapana, dada," nikasema. "Tunataka kujua ni akina nani walikuja, ukawa huna cha kuwapa. Kama unakumbuka."

 Nikasikia droo inavutwa.

"Subiri," alisema. "Nimewaandika wote."